Mwongozo Kamili wa Kanuni za Kasi katika Mchezo wa Mezani wa Mashujaa: Kutoka Vichochoro vya Mji Mkongwe hadi Anga ya Pemba

Katika michezo ya mezani ya kuigiza, ambapo msimamizi hueleza mandhari, wachezaji husema wahusika wao wanafanya nini, na dadu huamua lile lenye mashaka, hakuna uwezo unaozua ubishi kama kasi. Shujaa anayenyanyua lori hasumbui meza, kwa sababu lori lipo pale na kila mtu anajua limepelekwa wapi. Shujaa anayeishinda risasi kwa mbio, kwa upande wake, atauliza kila zamu inapomfikia kwa nini yeye hajamaliza shughuli yote kabla adui hajanyanyua mkono. Swali hilo ni la haki kabisa, na kikundi kisichokuwa na jibu lililoandikwa mapema hupoteza jioni nzima kwa mabishano.

Mwongozo huu unaeleza hatua kwa hatua namna ya kutunga kanuni za mwendo kwa kikundi cha watu wanne au watano kinachotaka kuweka hadithi yake Unguja na Pemba. Vifaa vinavyohitajika ni karatasi kubwa (mgongo wa kalenda ya mwaka uliopita unatosha), rula ya skuli ya sentimita 30, dadu moja ya pande 20, dadu moja ya kawaida ya pande sita, na kete chache za bao za kuwakilisha wahusika.

Hatua ya kwanza: Tenganisha mwendo na matendo

Kasi ya shujaa ina sura mbili. Kuna umbali anaoweza kwenda ndani ya muda fulani, na kuna idadi ya mambo anayoweza kuyafanya ndani ya muda huohuo. Mtu anayeweza kufika Nungwi kwa dakika moja si lazima awe anaweza kupiga ngumi mia kwa dakika moja, na kinyume chake ni kweli vilevile. Karibu ugomvi wote wa mezani kuhusu kasi hutokana na mchezaji aliyelipia sura ya kwanza, kwa pointi anazopewa za kumtungia mhusika wake, na kudai ya pili bure.

Mchezo wa Champions, uliotoka Marekani mwaka 1981, ulilitatua jambo hili waziwazi. Duru yake ina sehemu 12 za sekunde moja moja, na kila mhusika ana tarakimu inayosema anatenda katika sehemu zipi: mwenye 2, ambaye ni mtu wa kawaida, hutenda katika sehemu ya 6 na ya 12, na mwenye 4 hutenda katika ya 3, ya 6, ya 9 na ya 12. Umbali anaokwenda kila anapopata nafasi hupimwa kwa tarakimu nyengine kabisa. Ni utaratibu mzuri, ila unamtaka msimamizi ahesabu sehemu 12 mfululizo huku wahusika sita wakimngoja, na kwa wageni wa mchezo naona ni mzigo mkubwa. Tuchukue wazo lake na tuache hesabu yake.

Kanuni yetu iwe hivi: katika kila mzunguko, kila mhusika, mwenye kasi na asiyekuwa nayo, anapata tendo moja na mwendo mmoja. Anaweza kuliacha tendo lake ili apate mwendo wa pili, lakini hawezi kuubadilisha mwendo kuwa tendo. Anayetaka matendo mawili katika mzunguko mmoja anunue uwezo wa pekee, tuuite Tendo la Ziada, na asiruhusiwe kununua zaidi ya mara mbili. Bei yake iwe kubwa. Mwendo uwe wa bei nafuu, pointi moja kwa kila daraja, na Tendo la Ziada liwe pointi tano, kwa sababu kwenda mbali hupendezesha hadithi, ilhali kutenda mara nyingi hula zamu za wenzako.

Hatua ya pili: Chagua urefu wa mzunguko na tunga ngazi

Mzunguko wa sekunde 6 unafaa. Ni mrefu kiasi cha mtu kukimbia, kufungua mlango na kusema neno, na ni mfupi kiasi kwamba hali ya mambo haibadiliki bila wachezaji kujua. Ndio unaotumika pia katika mchezo wa Mutants & Masterminds, ambao katika toleo lake la tatu la mwaka 2011 huhesabu daraja 0 ya kasi kuwa futi 30 kwa sekunde 6, na kila daraja inayofuata ikawa mara mbili ya iliyotangulia. Mchezo wa DC Heroes wa mwaka 1985 ulikuwa umeshajengwa juu ya ngazi ya namna hiyo. Ngazi ya kuzidisha mara mbili inafaa hadithi za mashujaa kuliko ile ya kuongeza mita kumi kumi, maana shujaa mmoja ni mkimbiaji hodari tu na mwengine anaipita sauti, nao wote wawili lazima waandikwe kwenye karatasi ileile kwa tarakimu ndogo.

Futi 30 ni kama mita 9. Sisi tuchukue mita 10, kwa sababu inarahisisha hesabu: zidisha mita za mzunguko kwa 0.6 na utapata kilomita kwa saa. Ngazi yetu basi ni hii:

Daraja 0: mita 10 kwa mzunguko, kilomita 6 kwa saa, mtu anayetembea kwa haraka.
Daraja 1: mita 20, kilomita 12, mtu anayekimbia bila kujichosha.
Daraja 2: mita 40, kilomita 24, mbio kali za mtu wa kawaida aliye na afya.
Daraja 3: mita 80, kilomita 48, gari mjini penye nafasi.
Daraja 4: mita 160, kilomita 96, gari kwenye barabara nzuri nje ya mji.
Daraja 5: mita 320, kilomita 192, karibu na kasi ya mtu anayeanguka kutoka angani bila parachuti.
Daraja 6: mita 640, kilomita 384.
Daraja 7: mita 1,280, kilomita 768, chini kidogo ya ndege kubwa ya abiria.
Daraja 8: mita 2,560, kilomita 1,536, zaidi ya sauti, ambayo husafiri kama kilomita 1,235 kwa saa katika nyuzi joto 20.
Daraja 9: mita 5,120, kilomita 3,072.
Daraja 10: mita 10,240, kilomita 6,144.

Simamisheni ngazi hapo. Usain Bolt alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, wastani wake ulikuwa kama kilomita 37 na nusu kwa saa, yaani kati ya daraja 2 na 3. Kwa hiyo mtu asiyekuwa na uwezo wowote wa ajabu hapiti 2, na yeyote aliyeandika 3 ameshaingia katika ushujaa. Mwenye daraja 10 anaimaliza Unguja, yenye urefu wa kama kilomita 85, kwa mizunguko tisa. Sioni hadithi ya visiwani inayohitaji zaidi ya hapo.

Muda nao uwekwe katika ngazi. Daraja 0 ya muda ni sekunde 6, 1 ni sekunde 12, na kadhalika kwa kuzidisha, hadi 5 ambayo ni dakika 3 na kidogo, 8 ambayo ni kama dakika 26, na 10 ambayo ni saa moja na dakika 42. Umbali nao: 0 ni mita 10, 9 ni kilomita 5 na kidogo, 12 ni kilomita 41, 13 ni kilomita 82. Ukishaandika ngazi hizi tatu, hesabu ya safari yoyote huwa ni kujumlisha: daraja ya umbali ni daraja ya kasi ukijumlisha daraja ya muda.

Ijaribuni kwa jambo mnalolijua. Kutoka Dar es Salaam hadi bandari ya Unguja ni zaidi kidogo ya kilomita 70, na boti ya kasi huchukua saa mbili au pungufu kidogo. Umbali uko karibu na daraja 13, muda karibu na 10, kwa hiyo boti ina kasi ya daraja 3, kilomita 48 kwa saa, na hivyo ndivyo zinavyokwenda. Kisiwa cha Changuu, kilichoko kilomita tano na kitu kutoka mjini, ni umbali wa daraja 9. Shujaa wa daraja 5 hukifikia kwa muda wa daraja 4, dakika moja na nusu.

Ngazi hii haina usahihi mkubwa, na lazima msimamizi alijue hilo. Kutoka mjini Unguja hadi Chake Chake kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 120, ambazo zinaangukia katikati ya daraja 13 na 14. Ukichukua 14, shujaa apaaye kwa daraja 6 atatumia dakika 26. Ukigawanya 120 kwa 384 utapata dakika 19. Tofauti hiyo haina uzito ikiwa anakwenda kumsalimia shangazi yake. Ikiwa kuna boti inayozama nje ya Mkoani na dakika zinahesabiwa, acha ngazi na ugawanye.

Hatua ya tatu: Amua ni lini rula itumike na ni lini iwekwe kando

Chora ramani kwa kipimo cha sentimita 1 kwa mita 10. Mhusika wa daraja 0 atasogeza kete sentimita 1 kwa mzunguko, wa daraja 3 sentimita 8, wa daraja 4 sentimita 16. Wa daraja 5 atahitaji sentimita 32, na rula imeshakwisha. Hapo ndipo mpaka wa ramani ulipo. Tangu daraja 5 kwenda juu, kusogeza kete kwa vipimo ni kujisumbua, maana kutoka Darajani hadi Forodhani haifiki kilomita moja kwa mstari ulionyooka, na shujaa wa daraja 7 anaipita yote kwa zamu moja na kuishia baharini.

Kwa wahusika hao tumia maeneo. Marvel Super Heroes, mchezo wa kampuni ya TSR wa mwaka 1984, uliugawa mji katika maeneo na kuhesabu mwendo kwa idadi yake, na mtindo huo umebaki kuwa bora kwa mapigano ya mjini. Gawa Mji Mkongwe katika maeneo saba au manane: Darajani, Mkunazini, Shangani, Forodhani, bandarini, Malindi, Jaws Corner na barza zake, na mengineyo kadiri hadithi inavyotaka. Mhusika wa daraja 0 hadi 3 anakwenda ndani ya eneo moja kwa mzunguko. Wa 4 anavuka eneo moja. Wa 5 anavuka mawili. Wa 6 na kuendelea anafika eneo lolote la mji analolitaka, na suala la umbali limekwisha. Linalobaki ni anafanya nini akifika, na anafikaje bila kumuumiza mtu.

Hatua ya nne: Weka dari ya kasi ya kila pahala

Hii ndiyo hatua yenye manufaa makubwa kuliko zote, na ndiyo inayoachwa mara nyingi. Watunzi wa kanuni hushughulika na uwezo wa shujaa na kusahau njia anayopita. Mji Mkongwe hauna njia zilizonyooka. Uchochoro unapinda kila baada ya hatua chache, mara unabanwa na barza za mawe pande zote mbili, mara unatokeza ghafla kwenye uwanja mdogo wenye wazee wanaocheza dhumna na muuza kahawa mwenye dele lake, na katikati ya yote hayo kuna baiskeli, vespa, mikokoteni na watoto wanaotoka chuoni.

Fizikia inaisaidia kanuni hapa. Mwili unaopinda kona unavutwa kwa kiasi kinacholingana na kasi kwa kipeo cha pili, ukigawanya kwa upana wa mpindo. Shujaa wa daraja 5 anakwenda mita 53 kwa sekunde. Akitaka kupinda kona ya uchochoro yenye nusu kipenyo cha mita 2, atavutwa kwa nguvu inayozidi mara 140 ya uzito wake. Rubani wa ndege ya kivita aliyefunzwa, aliyevaa suti maalumu, huvumilia kama mara tisa, tena kwa muda mfupi. Kwa hiyo hata tukimpa shujaa mwili wa ajabu, nyayo zake zinahitaji kushika sakafu iliyolainishwa na miaka ya nyayo za watu, na ukuta wa mawe ya matumbawe hauna ajabu yoyote.

Andika dari hivi. Uchochoro wa Mji Mkongwe una dari 2. Barabara ya mjini yenye magari na watu, kama ile ya Darajani, ina dari 3. Barabara pana yenye nafasi, kama ile inayopita baina ya majumba marefu ya Michenzani, ina dari 4. Barabara ya nje ya mji ina dari 5. Uwanda wa pwani ya mashariki, Paje au Jambiani, hutegemea maji: yakiwa yamejaa, hapo ni bahari na kanuni za kuogelea zinatumika, yakiwa yametoka, kuna nafasi kubwa ya kukimbilia lakini kuna vigingi na kamba za mashamba ya mwani na mawe makali, hivyo dari ni 2. Msimamizi aseme mwanzoni mwa kikao kama maji yamejaa au yametoka, na asibadilishe kwa kumhurumia mtu. Angani na katika bahari ya kina hakuna dari.

Anayetaka kuipita dari anaruhusiwa, kwa kupiga dadu ya pande 20 na kujumlisha Wepesi wake, ambao ni sifa ya kuanzia 0 hadi 10. Anahitaji kufikia 10, ukijumlisha 2 kwa kila daraja aliyoipita dari. Hupigwa mara moja kwa mzunguko, si kwa kila kona, kwani pigo moja linawakilisha kona zote alizokutana nazo. Akifaulu, anakwenda kwa kasi aliyoitaka. Akikosa kwa tofauti ya 1 hadi 4, analazimika kubaki katika kasi ya dari. Akikosa kwa 5 au zaidi, amegonga kitu, na hapo msimamizi hupiga dadu ya pande sita: 1 hadi 3 ni ukuta, 4 na 5 ni mali ya mtu, kama mkokoteni au meza ya biashara, na 6 ni mtu mwenyewe.

Hatua ya tano: Mgongano

Nishati ya mgongano huongezeka mara nne kila kasi inapoongezeka mara mbili. Usijaribu kuifuata hesabu hiyo kikamilifu, utaua wahusika wote. Inatosha kusema kwamba kipigo cha mgongano ni sawa na daraja ya kasi, na kinawapata wote wawili, mgongaji na mgongwaji, kila mmoja akikipunguza kwa Ugumu wake, yaani sifa ya mwili kuhimili kipigo. Wakigongana uso kwa uso wakiwa na kasi sawa, ongeza 1, kwa kuwa kasi zao zimejumlishwa na kuwa mara mbili. Mtu wa kawaida ana Ugumu 0, na kipigo cha 4 kinampeleka hospitali ya Mnazi Mmoja. Mashujaa wapya wakishalijua hilo, huacha wenyewe kukimbia kwa daraja 5 katikati ya watu.

Hatua ya sita: Kuruka, kupaa, kuogelea na kuanguka

Kupaa hutumia ngazi ileile bila dari, ila shujaa wa daraja 2 au pungufu anayepaa dhidi ya upepo mkali wa kusi anapoteza daraja moja. Wenye daraja 8 wana sharti lao pekee: anayeipita sauti akiwa chini juu ya mji huacha mshindo nyuma yake, na majumba ya Mji Mkongwe yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Beit al-Ajaib ilianguka sehemu yake mwezi Disemba 2020 bila shujaa yeyote kupita juu yake. Basi kila mzunguko wa daraja 8 na zaidi juu ya mji unaleta madhara kwa jengo moja atakalolichagua msimamizi, na serikali na majirani watamtafuta mwenye kosa.

Kuruka kwa miguu ni tofauti na kupaa. Watazameni vijana wa makachu pale Forodhani maji yanapojaa: kijana hurudi nyuma, hukimbia hatua kadhaa, hukanyaga ukingo wa ukuta na kujitupa baharini huku akijipindua. Anaweza kujikunja, kujinyoosha, kuangukia miguu au kichwa, lakini mguu ukishaachana na ukingo hawezi tena kuchagua pahala pa kuangukia. Kanuni ni hiyohiyo. Uwezo wa Kuruka hupewa daraja ya umbali, mchezaji hutaja atakapotua kabla ya kuruka, na akiwa hewani hana mwendo mwengine. Adui mwenye akili atamngoja atuapo.

Kuogelea kuna ngazi yake iliyoshuka kwa daraja mbili, maana maji ni mazito kuliko hewa kwa karibu mara 800. Mtu wa kawaida huogelea mita 2 na nusu kwa mzunguko. Shujaa wa nchi kavu wa daraja 5 akiingia majini anahesabiwa kuwa mtu wa kawaida, isipokuwa amenunua kuogelea mbali.

Kuanguka kunahitaji uangalifu, kwa sababu waandishi wa hadithi wametuzoesha mtu anayeanguka huku shujaa akitoa hotuba. Anayeanguka mita 12, ambayo ni nyumba ya ghorofa tatu hadi nne, anafika chini kwa sekunde 1 na nusu hivi, akiwa na kasi ya kama kilomita 55 kwa saa, karibu na daraja 3. Mzunguko mzima wa sekunde 6 ungemchukua zaidi ya mita 100, na hakuna jengo la Unguja linalokaribia hapo. Kwa hiyo kuanguka kutoka jengo lolote la kisiwani huanza na kwisha ndani ya mzunguko mmoja. Shujaa anayetaka kumwahi lazima awe amebakiza mwendo wake, na apige dadu ya Wepesi kufikia 12. Kasi yake ya mwendo inasema kama anaweza kufika. Wepesi unasema kama ameona kwa wakati.

Kutoweka pahala na kutokea pengine hakuna kasi. Andika umbali tu, na uamue mapema kama mhusika lazima awe anapaona anapokwenda. Mimi naona lazima.

Hatua ya saba: Kumbeba mtu

Mtu wa kawaida hawezi kuvumilia kila kasi. Kufikia daraja 6 ndani ya mzunguko mzima kunamsukuma kwa karibu mara mbili ya uzito wake, jambo linalotisha lakini halidhuru. Kufikia daraja 8 ndani ya mzunguko mmoja ni zaidi ya mara saba, na hapo atazimia. Basi aliyembeba mtu asipite daraja 6 katika mzunguko wa kwanza, kisha aweza kuongeza daraja moja kila mzunguko unaofuata, na kupunguza vivyo hivyo anapokaribia kusimama.

Hatua ya nane: Kufukuzana

Kanuni ya mwanzo ya kufukuzana ni kujua pale ambapo hakuna kufukuzana. Ikiwa tofauti ya kasi halisi, baada ya kuzingatia dari ya pahala, ni daraja mbili au zaidi, mwenye kasi amemfikia mwenzake au amempotea kabisa, na kupiga dadu hapo ni kupoteza muda. Mwenye daraja 6 kwenye barabara ya wazi anampata mwenye daraja 4 aliyemtangulia kwa mita 400 katika mzunguko mmoja, kwa kuwa anamzidi kwa mita 480. Elezea tu wamekutana wapi, na nani yupo karibu.

Tofauti ikiwa ndogo, tumia mita zenyewe. Tuchukue mfano. Radi, shujaa wa kasi 5 na Wepesi 6, anamfukuza jambazi mwenye pikipiki aliyeingia vichochoroni kutokea Darajani, akiwa mbele kwa mita 80. Pikipiki kwenye barabara ingekwenda daraja 4, lakini vichochoroni jambazi hataki kufa, anabaki kwenye dari, mita 40 kwa mzunguko. Mchezaji wa Radi ana njia mbili zenye maana.

Njia ya kwanza ni kukimbia kwa daraja 4. Amepita dari kwa mbili, anahitaji 14, kwa hiyo dadu ionyeshe 8 au zaidi, nafasi 13 kati ya 20. Akifaulu anakwenda mita 160, jambazi yuko mita 120, na amemkamata papo hapo. Lakini dadu ikionyesha 1, 2 au 3, amegonga kitu, nafasi 3 kati ya 20. Njia ya pili ni daraja 3, ambapo anahitaji 12, yaani dadu ionyeshe 6 au zaidi, nafasi 15 kati ya 20, na hugonga kitu dadu ikionyesha 1 peke yake. Kwa kasi hiyo anapunguza pengo kwa mita 40 kila mzunguko, hivyo anahitaji kufaulu mara mbili, na nafasi ya kufaulu mfululizo ni kidogo zaidi ya nusu. Njia ya haraka ina hatari kubwa na njia ya taratibu inampa jambazi mzunguko mmoja wa kufanya hila. Mchezaji akinyamaza hapo akifikiri huku wenzake wakimwambia, "Yakhe, kuna watoto mbele!", kanuni inafanya kazi yake.

Jambazi naye ana tendo lake kila mzunguko. Anaweza kuangusha magunia ya mzigo njiani, jambo linaloshusha dari kuwa 1 kwa anayemfuata, au kukata kona kuelekea Malindi, ambapo Radi lazima apige dadu ya Wepesi kufikia 10 asije akapitiliza. Kufukuzana kukizidi mizunguko mitano, msimamizi akubadilishe pahala: watoke ufukweni, waingie kwenye boti, wapande juu ya mapaa.

Hatua ya tisa: Karatasi ya mhusika na majaribio

Karatasi iwe na mistari mitano tu inayohusu kasi: mwendo wa ardhini, mwendo wa angani au majini kama upo, idadi ya matendo, Wepesi, na Ugumu. Kila daraja iandikwe pamoja na mita zake na kilomita zake kwa saa, ili mchezaji asiulize katikati ya pambano.

Kabla ya hadithi yenyewe, chezeni mizunguko mitatu ya majaribio. Mkimbiaji, mpaaji na mhusika asiyekuwa na kasi yoyote waanze wote Forodhani, na moto uwake bandarini Malindi kwenye jahazi lenye watu wanne. Tazameni mwisho wa mzunguko wa tatu nani amewatoa watu wangapi. Mwenye kasi akiwatoa wote peke yake, basi Tendo la Ziada ni la bei rahisi mno, au kanuni ya kubeba haikufuatwa: mtu mmoja abebwe kwa safari moja. Asiyekuwa na kasi akikosa la kufanya kabisa, mpe sababu ya kuwa bandarini tangu mwanzo. Na mkimbiaji akigonga kuta katika kila jaribio, punguzeni kiwango cha msingi cha kuipita dari kutoka 10 hadi 8, mjaribu tena kwa mizunguko mitatu mengine kabla ya kugusa kitu chengine chochote.